Kigurudumu na Marehemu wa Namkonda

Haya, jibane hapo pembeni ya Mzee Bomba. Miguu kunja ndani usije ukalipiga teke jiko la watu, simu tia mfukoni, maana habari hii haitaki mtu wa sikio moja. Hapa ni Newala, kijiwe cha mbele ya steshenari ya Mama Careen, ng'ambo tu ya pale wanapopakia abiria wa Masasi. Mwezi wa saba, ukungu umeshuka tangu saa tisa alasiri, watu wamejifunga majaketi utadhani wako Njombe. Ubao mmoja mrefu juu ya matofali, birika la Mama Witness muuza kahawa linafuka, kashata ziko kwenye ndoo. Wenye kijiwe ni walewale. Mzee Bomba, jina lake la kanisani Anthony, kazi yake kupulizia mikorosho dawa, na msimu kama huu hata nyusi zake zina unga wa salfa. Gia, yaani Benjamin, bodaboda. Na Semina, huyu ni Gwakisa, afisa ugani, mtu wa Tukuyu, hawezi kumaliza kikombe hajakwambia alifundishwa nini kwenye semina. Siku hiyo Newala nzima ilikuwa na jambo moja: kesho yake saa mbili asubuhi makaburi arobaini na moja ya kitongoji cha Namkonda yanafukuliwa kupisha barabara. Waislamu wanapelekwa makaburi mapya upande wa msikiti, Wakristo upande wa kanisa. Nani anaenda wapi, imo kwenye karatasi. Na karatasi hiyo imetoka kwenye kompyuta ya Mama Careen, kwa vidole vya Hilary.

Hilary ndo wa kumwangalia. Miaka ishirini na mbili, shule aliiachia kidato cha pili, kompyuta kajifunza kwa kuharibu za watu na kuzitengeneza. Kijiweni wanamwita Pengwini, kwa sababu ya kile kindege cha picha alichokibandika mlangoni siku alipoifuta Windows akaweka Linux, mfumo mwingine wa kompyuta wenye kindege hicho kama nembo. Alitoka dukani taratibu, mausi kaishika kwa waya, inaning'inia kama kitu kimenaswa ghalani.

— Pengwini, umemuua nani tena? — Gia ndo alianza.

— Acha utani, kaka.

— Paka akiondoka panya hutawala. Mama Careen si kaenda Masasi?

— Methali hiyo siyo ya hapo, — Semina akamkata.

— Methali ni kama bodaboda, bana. Mwenye safari ndo anapanda.

Wakacheka. Hilary hakucheka. Alikaa mwisho wa ubao, mausi akaipakata mapajani. Mama Witness alimtupia jicho moja tu, akammiminia kikombe kabla hajaomba.

— Kunywa kwanza, mwanangu. Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

— Msiba upo, mama. Ila sijui ni wa wangapi.

— Wangapi nini?

— Ile orodha ya Namkonda imeharibika.

Hapo Gia akaacha kutafuna.

Hilary akaanza kuwaeleza, na alieleza polepole, kwa sababu ndani ya kichwa chake alikuwa anajieleza mwenyewe kwa mara ya kumi. Mwaka huu mwanzoni virusi vilikula kompyuta ya duka, kila flashi ikichomekwa inatoka na ugonjwa. Ndo akaweka Linux. Virusi vikakoma, kila mtu akamsifu. Kikabaki kitu kimoja: kigurudumu cha mausi. Kwenye intaneti kinakwenda vizuri tu, lakini kwenye ile programu ya kujazia fomu kilikuwa kizembe ajabu. Unazungusha mpaka kidole kinaota sugu, ukurasa umesogea mstari mmoja.

— Salfa hiyo, — Mzee Bomba akasema. Hakungoja aulizwe.

— Mzee, ngoja nimalize.

— Umalize nini wakati mimi nimeshajua? Salfa inaingia popote. Mwaka juzi iliingia kwenye redio yangu, ikawa inashika Msumbiji tu. Sasa kigurudumu kidogo kama hicho kitaiweza salfa? Kipulize, kifute na mafuta ya taa, yaishe.

— Haikuwa uchafu, Mzee. Kingekuwa kichafu kingegoma kote. Ilikuwa programu moja tu.

— Ndo ujue salfa inachagua.

Hilary akaendelea. Jumapili moja alishinda na simu akisoma watu wa Linux wanavyoandikiana, akaokota amri, akaichapa kwenye kompyuta. Kigurudumu kikapona hapohapo! Mzunguko mmoja, mistari mitano. Alitoka nje siku ile akawaambia hapa kijiweni, na Gia ndo aliyemnunulia kashata.

— Nakumbuka, — Gia akasema. — Nilikununulia mbili.

— Nilijiona nimemaliza. Wiki ileile ndo akaja Mzee Bwanali.

Mzee Bwanali wote walimjua. Ndiye aliyechimba makaburi ya Namkonda tangu kijana, Waislamu na Wakristo, haulizi dini anauliza urefu. Kamati ya makaburi ilipotaka orodha, watu wakasema hakuna haja ya kuzunguka, mkamateni Mzee Bwanali. Hajui kusoma wala kuandika, ila ukimtaja marehemu yeyote wa pale atakwambia alikufa msimu gani na nani alibeba miguuni. Alikaa na Hilary siku mbili, anakunywa chai, anafumba macho, anataja. Hilary anaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Jina, mwaka, ndugu, dini. Pale kwenye dini hakuna kuandika, kuna kisanduku. Ukibonyeza kinafunguka, kina maneno mawili: Mkristo, Mwislamu. Unachagua moja, kinafunga.

— Leo mchana, — Hilary akasema, — kaja mtu kuuliza jina la shangazi yake limeandikwa vipi. Nikafungua orodha, nikazungusha kigurudumu nishuke chini. Ukurasa ukasimama. Nikaona neno linageuka.

— Linageuka vipi?

— Lilikuwa Mkristo. Likawa Mwislamu. Machoni pangu, Mzee. Sijabonyeza kitu. Kumbe kimshale kikiwa juu ya kisanduku, kigurudumu hakisogezi tena ukurasa, kinazungusha maneno ya ndani ya kisanduku. Na ile amri yangu imekipa mwendo. Ukigusa tu, kimegeuka. Hakilii, hakiulizi kama una uhakika, kinajisevu chenyewe.

— Mara ngapi umezungusha tangu Mzee Bwanali aliposema? — Mama Witness akauliza.

Hilary akaitazama mausi.

— Kila siku, mama. Kila anayepiga simu kutoka Dar, kila jina la kurekebisha, kila kuprinti. Wiki sita. Na karatasi yenye mhuri ilitoka Ijumaa.

Wakafanya kile kijiwe hufanya kikiogopa. Wakabishana.

Gia akasema tatizo ni mwendo. Umekaza waya wa mafuta, akasema. Pikipiki ukikaza waya wa mafuta, hata ukiachia mkono inaenda yenyewe, na hicho kigurudumu kimekuwa hivyohivyo, kimekosa pumzi ya kurudi. Semina akatikisa kichwa, akaweka kikombe chini, na watu wakajua kinachokuja.

— Kwenye semina ya Morogoro tulifundishwa hivi. Ukileta mfumo mpya, vifaa vya zamani vinagoma kwa sababu havikushirikishwa. Inaitwa ushirikishwaji wa wadau.

— Mausi ndo mdau?

— Kila kinachohusika ni mdau. Ile mausi ilizaliwa kwenye Windows. Umeihamisha nyumba bila kuiaga. Inafanya kazi, ndiyo, lakini kwa kinyongo.

— Kama mke wa kuhamishiwa kwa wakwe, — Gia akadakia. — Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Na hiyo imeingiaje?

— Imeingia tu. Nimeona inapita.

Mzee Bomba muda wote huo alikuwa anakwangua salfa kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti. Aliposema, alisema chini chini, na hakuna aliyecheka.

— Nyie mnasema kigurudumu, mwendo, sijui wadau. Nani kawaambia ni kigurudumu? Watu wa Namkonda hawajawahi kutaka kuhama. Walipotaka kuwahamisha enzi zile za vijiji walirudi usiku kwa usiku na kuku wao. Sasa wamekufa ndo watakubali? Ile karatasi wanaichanganya wenyewe. Anayetoka kule anaingia huku, anayetoka huku anaingia kule, mpaka kazi isimame.

— Mzee, wafu hawashiki mausi.

— Ulishawahi kufa ukaona?

Hilo hakuna semina iliyolifundisha.

Gia alitaka kulichangamsha jambo. Ndivyo alivyo, kimya kinamuwasha. Akampiga Hilary begani.

— Basi toa karatasi tuone. Bibi yangu mzaa mama yuko pale, Bibi Faidha. Huyo hata gurudumu la tipa halimgeuzi. Alikufa ameshika tasbihi, ilibidi wamfungue vidole.

Hilary akatoa nakala mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaikunjua gotini. Akafuata kwa kidole. Kidole kikasimama.

— Soma.

— Kaka Gia...

— Soma, Pengwini.

— Namba kumi na nne. Faidha binti Chitanda. Mkristo.

Gia alisimama. Si kwa ugomvi, alisimama kama mtu aliyekalia kitu cha moto. Kofia ya pikipiki ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye jiko, hakuna aliyeiokota.

— Bibi yangu? Bibi yangu mimi, wampeleke kanisani kesho? Asome nini kule?

— Utakuwepo, utawaambia wamrudishe, — Semina akasema.

— Ningekuwa nimepeleka abiria Tandahimba je?

Hilary akasema nisamehe kaka. Gia akakaa tena, karibu zaidi kuliko mwanzo, macho kwenye karatasi. Wakaanza kuwapitia wote, jina kwa jina, wale ambao kijiwe kinawajua. Mjomba wa Mama Witness, yuko sawa. Catherine mke wa fundi cherehani, yuko sawa. Shemeji wa Mzee Bomba, aliyekuwa anapiga kengele ya kanisa, kaandikwa Mwislamu. Wakapata tisa wanaowajua kwa uhakika. Watatu wamegeuka.

— Wengine huwezi kujua kwa jina? — Semina akauliza. Mgeni wa huku miaka sita sasa, bado anauliza maswali kama ya mgeni.

— Jina la nani? — Mama Witness akamjibu. — Huku nyumba moja ina mkeka wa kuswalia na rozari ukutani. Huyu hapa Benjamin, bibi yake Faidha. Mimi Yuster, baba yangu mdogo Hamisi. Na hao wengine wameandikwa kimakonde tu, Namnauka, Mchilima, Nangomwa. Hayo majina yana dini gani?

— Basi wakifukua wataona. Mwislamu analazwa ubavu, anaelekezwa kibla.

Mzee Bomba akacheka bila furaha.

— Kijana, nimeshika jembe pale na Bwanali mara saba. Udongo ule mwekundu una mchwa wa kufa mtu. Miaka thelathini, arobaini, unakuta nini? Unakuta udongo una rangi nyingine kidogo. Unauchota huo, unaufunga kwenye shuka, ndo baba yako.

— Basi rudini kwa Mzee Bwanali...

Semina aliishia hapo, mwenyewe akakumbuka. Mzee Bwanali alizikwa wiki tatu zilizopita. Arobaini yake bado. Alilala mchana baada ya kula ming'oko, vile viazi vya porini, hakuamka, na kila alichokijua kililala naye.

Gia akamgeukia Hilary.

— Sasa si ukitengeneze hicho kigurudumu chako!

— Nimeshakitengeneza, kaka. Ndo kinachoniuma. Ile amri nimeifuta, nimetafuta pa kuvizuia visanduku visisikie gurudumu mpaka ubonyeze kwanza. Dakika kumi tu. Kinateleza vizuri ajabu. Kigurudumu kimepona. Karatasi ndo haiponi.

Akaiweka mausi juu ya ubao, katikati yao, na wote wakawa wanaitazama. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani.

Semina akashusha sauti. Mtu mwema Semina, usimuone vile. Alitaka kumsaidia kijana.

— Sikia, Hilary. Tuongee kama watu wazima. Kesho wenye ndugu watakuwepo. Mtu akisikia bibi yake kaitwa upande siyo, atasema, watarekebisha, makosa ya uchapaji. Yanatokea hata wizarani. Wanaobaki ni wale wasio na mtu wa kuwasemea. Hao nani atalalamika? Asiye na mtu ana Mungu. Ukienda leo kwenye kamati ukasema orodha nzima imeoza, kazi inasimama, watu wameshalipa nauli kutoka Dar, wengine wamevuka Ruvuma. Na jina lako? Nani atakuletea tena hata cheti cha kuzaliwa ukichape? Funika kombe mwanaharamu apite.

Na Hilary, hebu tuseme ukweli, lilimwingia. Aliona kabisa kesho ilivyo: mtu anapaza sauti, karani anakata kwa kalamu, anaandika juu yake, basi. Saa sita wamemaliza. Yeye amesimama nyuma na wenzake, mikono mfukoni. Hakuna anayejua kitu isipokuwa watu wanne wa ubao mmoja, na ubao huu umeshaficha makubwa kuliko hayo.

— Kombe unafunika, mwanaharamu anapita, — Mama Witness akasema, anageuza makaa kwa kijiti. — Hawa hawapiti, Gwakisa. Hawa wanakaa.

— Nasema tu, mama.

— Najua unasema tu. Na mimi nasema tu. Mtu hana mtoto, hana ndugu, hana hata jiwe lenye jina. Kitu pekee alichobaki nacho ni kwamba Bwanali alijua alikuwa nani. Na hicho nacho tumekizungusha kwa kidole.

Hilary akainamisha kichwa. Alisikia lile neno "tumekizungusha", na alijua kidole kilikuwa cha nani, ila mama kakigawa kwa wote ili asibebe peke yake.

Ndo hapo bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke wa makamo, kanga mbili, viatu vyekundu kwa vumbi la njia ya Makote. Ana mfuko wa nailoni kaukumbatia kifuani kama amebeba mayai. Hawakumjua.

— Hamjambo hapa.

— Shikamoo, mama, — Hilary na Gia wakaitikia kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Namtafuta kijana aliyeandika watu wa Namkonda. Nimeambiwa yuko kwenye duka la kindege.

Hakuna aliyemwonyesha Hilary kwa kidole, lakini wote walimtazama, ikawa ndo hivyohivyo.

— Ni mimi, mama. Karibu ukae.

Wakasogea. Akakaa. Mama Witness akampa kahawa, akaishika bila kunywa, anajipasha mikono. Alisema anaitwa Pili, binti wa Nikolao aliyekuwa na shamba la juu ya Namkonda. Ana mdogo wake pale. Mtoto mchanga, wa siku saba. Mwaka ule yeye mwenyewe ana miaka minne, yuko kwa shangazi yake Mnyambe, aliporudi mtoto hayupo.

— Baba yangu Mkristo, mama yangu Mwislamu, — akasema, kama anavyosema mtu shamba lake liko wapi. — Baba akasema alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe mtoto alipozidiwa. Mama akasema mtoto aliadhiniwa sikioni siku ya kwanza, huwezi kumvua mtu hilo. Wakagombana juu ya maiti. Mwisho Mzee Bwanali akasema nyie kaeni ndani, nipeni mtoto. Akaenda naye peke yake. Alivyomzika, alimzika yeye na Mungu wake. Hakuwaambia. Akasema nikiwaambia mmoja wenu hatalala.

— Hakuwaambia kabisa? — Gia akauliza.

— Mpaka wanakufa. Na waliishi nyumba moja miaka ishirini na sita baada ya hapo, kila mmoja na kitanda chake.

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kipande cha sanda nyeupe, mita moja, bado kina alama ya kukunjwa dukani. Na chini ya sanda, msalaba wa mninga, mdogo, umepigwa msasa vizuri, hauna jina maana mtoto hakuwahi kupewa.

— Nimeambiwa Mzee Bwanali kabla hajafariki aliwataja wote, hakumruka mtu. Nikasema basi, huyu naye kamtaja. Kesho nataka niende na kimoja. Mwanangu, nimechoka kubeba vyote viwili.

Mzee Bomba akavua kofia. Semina akaangalia barabarani, kwenye ukungu, hakuna gari.

Hilary akakunjua karatasi. Alijua ni namba ngapi kabla hajafika, kwa sababu alikumbuka siku ile. Mzee Bwanali alifumba macho akanyamaza muda mrefu kuliko kwa wengine wote, halafu akasema, mtoto wa Nikolao, andika. Na akasema dini. Neno moja. Alilisema vizuri kabisa, na Hilary alibonyeza, na mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu ametua mzigo. Hilo Hilary analiona mpaka leo. Neno lenyewe, haliji. Alilitafuta pale kwenye ubao, akalitafuta tena, kichwani mwake panajibu vyote viwili kwa sauti ileile ya mzee.

— Namba ishirini na tisa, — akasoma. — Mtoto wa Nikolao. Mkristo.

Mama Pili aliingiza mkono mfukoni, akautoa msalaba, akauweka gotini. Ile sanda akaanza kuikunja upya, taratibu, kufuata alama za duka, kama mtu anayetaka kurudisha kitu cha watu kikiwa kizima. Aliikunja mara mbili. Halafu akaacha kukunja, sanda ikiwa mkononi, akamtazama Hilary usoni, si kwa kumshuku, kwa kutaka tu kumaliza.

— Na ndivyo alivyosema Mzee Bwanali mwenyewe?

Gia akaangalia kofia yake chini. Mama Witness akainua birika, akaliweka palepale. Semina, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa anamtazama Hilary, na macho yake yanasema sema ndiyo. Akisema ndiyo, huyu mama leo analala usingizi wa kwanza tangu ana miaka minne, na hakuna mtu juu ya ardhi wa kumpinga. Akisema sijui, hakuna mwingine wa kumuuliza, leo wala kesho wala milele, na vitanda viwili vya wazazi wake vinahamia kifuani kwake.

Sanda iko mkono wa kushoto. Msalaba uko gotini, kaushika kwa wa kulia usianguke. Anasubiri.

Haya, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako. Karatasi nimekupa, mausi hiyo hapo kwenye ubao. Mama anakutazama wewe sasa. Ungemwambia nini?